Kutoka uwanja wa Chanzuru hadi mashindano ya dunia: mwongozo wa mpira wa wavu kwa wasichana

Mashindano ya dunia ya mpira wa wavu kwa timu za taifa za wasichana yana sharti moja lisilobembelezeka: mwaka wa kuzaliwa. Binti anaweza kuwa na smashi nzito na jicho la kuusoma mpira kabla haujavuka wavu, lakini kama alizaliwa siku moja kabla ya tarehe iliyowekwa, hachezi. Na kama umri wake unaruhusu ila hana karatasi ya kuuthibitisha, vilevile hachezi.

Makala haya ni kwa ajili ya mzazi, mlezi, mwalimu wa michezo na binti mwenyewe katika Kata ya Chanzuru na kata nyingine za Wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro, kuanzia Rudewa na Kimamba hadi kule Mikumi kwenye barabara kuu ya Iringa. Vipaji vipo. Kinachowakwamisha wengi ni kuchelewa: kuchelewa kuanza mchezo, na kuchelewa kushughulikia nyaraka. Yote mawili yanaweza kurekebishwa hapahapa kijijini, kabla kocha yeyote wa taifa hajalisikia jina la mtoto.

Mashindano yenyewe

Mpira wa wavu duniani unasimamiwa na shirikisho la kimataifa, FIVB, lililoundwa mwaka 1947 na lenye makao yake Lausanne, Uswisi. Mashindano ya dunia ya wasichana yalianza mwaka 1989 mjini Curitiba, Brazili, na tangu hapo yamekuwa yakifanyika kila baada ya miaka miwili. Kwa muda mrefu yalikuwa ya walio chini ya miaka 18. Kuanzia mwaka 2023 kikomo kimesogezwa, sasa ni chini ya miaka 19. Mwaka 2024 likaongezwa kundi jipya la chini ya miaka 17, na mashindano yake ya kwanza ya wasichana yakachezwa Lima, Peru.

Bara letu limewahi kuwa mwenyeji. Mwaka 2019 mashindano yalifanyika Misri, na timu za Afrika zilikuwa tatu: Misri wenyewe, Kameruni na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ubingwa ulikwenda Marekani. Wakongo wale hawakutoka katika nchi yenye kumbi za kifahari kila mkoa. Walipita katika mchujo wa Afrika, na mchujo huo ndio unaomhusu Mtanzania.

Shirikisho la Afrika, CAVB, limeligawa bara katika kanda, na nchi za Afrika Mashariki zimo katika Kanda ya Tano. Timu ya taifa ya wasichana hupimana nguvu kwenye kanda au moja kwa moja kwenye mashindano ya Afrika. Mashindano hayo hufanyika kabla ya yale ya dunia, mara nyingi mwaka mmoja nyuma. Kwa hiyo anayetaka kucheza dunia mwaka fulani ajihesabu kuwa anatakiwa awe tayari mwaka mzima kabla.

Piga hesabu ya umri

Hesabu ni nyepesi, na kila mzazi anaweza kuifanya. Kwa mashindano ya chini ya miaka 19, chukua mwaka wa mashindano utoe 18. Kwa yale ya chini ya miaka 17, toa 16. Jibu unalopata ndio mwaka wa kuzaliwa wa mapema zaidi unaoruhusiwa. Aliyezaliwa Januari 1 ya mwaka huo au baada yake anakubalika. Ndiyo maana katika mashindano ya 2025 ya chini ya miaka 19 walitakiwa waliozaliwa kuanzia Januari 1, 2007, na kule Lima mwaka 2024 walitakiwa waliozaliwa kuanzia Januari 1, 2008.

Sasa angalia utaratibu ulivyo. Kundi la chini ya 17 hucheza miaka ya namba shufwa: 2024, 2026, 2028. Kundi la chini ya 19 hucheza miaka ya namba witiri: 2023, 2025, 2027, 2029. Utaratibu huu ukiendelea, nafasi za mabinti zitakuwa hivi:

Aliyezaliwa 2010: mwaka 2026 ndio wa mwisho kwake katika kundi la chini ya 17, kisha mwaka 2027 katika kundi la chini ya 19 akiwa na miaka 17.

Aliyezaliwa 2011: kwa chini ya 17 anaweza kucheza 2026, ila akiwa mdogo kuliko wengi. Kwa chini ya 19 ana 2027 na tena 2029.

Aliyezaliwa 2012: nafasi yake nzuri ya chini ya 17 ni mwaka 2028, na ya chini ya 19 ni mwaka 2029.

Aliyezaliwa 2013: chini ya 17 ni mwaka 2028 akiwa na miaka 15. Chini ya 19 ni 2029, kisha 2031 akiwa amekomaa.

Aliyezaliwa 2014: chini ya 17 ni mwaka 2030, na chini ya 19 ni mwaka 2031.

Hapo kuna jambo ambalo walimu wengi hawalioni. Waliozaliwa miaka ya shufwa hufika kundi la chini ya 17 wakiwa ndio wakubwa wa kundi, na waliozaliwa miaka ya witiri hufika kundi la chini ya 19 wakiwa ndio wakubwa. Katika umri huo mwaka mmoja ni tofauti kubwa ya urefu, nguvu za miguu na utulivu wa akili. Kwa hiyo mwalimu mwenye mabinti wawili wa kiwango kimoja, mmoja wa 2012 na mwingine wa 2013, awaandalie shabaha mbili tofauti. Wa 2012 amlenge 2028. Wa 2013 asimkatie tamaa akikosa mwaka huo, kwa kuwa mlango wake mpana ni 2031.

Ukihesabu kurudi nyuma utaona pia kwa nini kuanza mchezo kidato cha tatu ni kuchelewa. Seta, yule anayewapandishia wapigaji mpira, au mpokeaji mzuri hutengenezwa kwa miaka minne au mitano ya kuugusa mpira kila wiki. Anayetaka kuwa tayari akiwa na miaka 16 anapaswa kuanza darasa la tano au la sita.

Nyaraka kabla ya jezi

Cheti cha kuzaliwa ndio mzizi wa kila kitu. Kinatolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, na huduma hiyo wilayani hupatikana katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Mtoto ambaye hakusajiliwa alipozaliwa bado anaweza kusajiliwa, lakini mzazi atatakiwa kuleta vithibitisho: tangazo la kizazi au kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kama kipo, kumbukumbu za shule, na barua ya mtendaji wa kijiji au kata. Kadiri miaka inavyopita ndivyo kadi ya kliniki inavyopotea na waliokuwepo wakati mtoto anazaliwa wanavyohama. Usisubiri mtoto achaguliwe ndipo uanze kuzunguka.

Wenyeji wa Kilosa wanajua maji yanaweza kufanya nini. Mafuriko ya Mto Mkondoa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalizihamisha familia nyingi, na karatasi za nyumba hazikupona. Weka vyeti kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, mahali pa juu, na nakala moja iwe kwa ndugu anayeishi mbali na mto. Cheti kikipotea, RITA hutoa kingine kwa kutumia kumbukumbu zake.

Kagua majina. Kosa la kila siku ni jina moja kwenye cheti cha kuzaliwa, jingine kwenye rejesta ya shule, na la tatu kwenye kadi ya kliniki. Mtoto anaitwa Mwajuma Saidi shuleni na Mwajuma Ramadhani kwenye cheti, kwa sababu mmoja aliandika jina la baba na mwingine la babu. Hilo lirekebishwe akiwa bado shule ya msingi. Likishaingia kwenye cheti cha darasa la saba na cha kidato cha nne, litahitaji viapo na gharama.

Baada ya cheti inakuja pasi ya kusafiria, ambayo hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Pasi za kielektroniki zilizinduliwa Januari 2018, na ada ya pasi ya kawaida imekuwa Sh 150,000. Kwa mtoto, wazazi au walezi hutakiwa kuambatanisha vyeti na vitambulisho vyao na kuridhia safari. Timu inapoitwa kambini, shirikisho la taifa la mpira wa wavu husaidia kufuatilia, lakini haliwezi kumtengenezea mzazi cheti ambacho hakuwahi kukichukua.

Na tusifichane: wapo wanaoshauri mtoto apunguziwe umri ili acheze kundi la chini. Umri wa uongo humfuata mtu maisha yake yote, kwenye mitihani, kwenye kitambulisho cha Taifa, kwenye ajira. Mashirikisho nayo hayana huruma na mchezaji asiye na sifa. Septemba 2021, katika mashindano ya wanawake ya Afrika mjini Kigali, Rwanda waliokuwa wenyeji waliondolewa kwa kuwachezesha wachezaji 4 wenye asili ya Brazili ambao hawakukidhi masharti ya kuiwakilisha nchi hiyo. Timu nzima ikaadhibiwa, wakiwemo wasichana wa Rwanda ambao karatasi zao zilikuwa safi.

Ngazi za kupanda

Kwa mtoto wa shule ya msingi, ngazi ya kwanza ni michezo ya UMITASHUMTA. Shule hushindana ndani ya kata, kisha inaundwa timu ya wilaya, kisha ya mkoa. Kilosa hupambana na wilaya jirani kama Mvomero, Gairo na Kilombero, na wachezaji bora huvaa jezi ya Morogoro katika fainali za taifa. Kwa sekondari ngazi hiyo ni UMISSETA. Fainali hizi hufanyika katikati ya mwaka, na mkoa mwenyeji hubadilika: mwaka 2021 zilikuwa Mtwara, mwaka 2022 Tabora. Mpira wa wavu kwa wasichana umo katika yote mawili.

Mashindano haya ni zaidi ya kutafuta kikombe, kwa kuwa hapo ndipo makocha na viongozi wa mchezo huja kutazama. Binti wa Chanzuru anayebaki kwenye uwanja wa shule yake hataonekana hata awe bora vipi. Mwalimu amwandikishe, amfikishe ngazi ya wilaya, na jina lake liandikwe sawasawa kama lilivyo kwenye cheti.

Juu ya UMISSETA yapo mashindano ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, FEASSSA, ambayo huchezwa karibu na Agosti. Yamefanyika Arusha mwaka 2022, Huye nchini Rwanda mwaka 2023, Mbale nchini Uganda mwaka 2024 na Kakamega nchini Kenya mwaka 2025. Huko ndiko wasichana wetu hukutana na shule kama Kwanthanze ya Machakos, Kenya, ambazo zimeufanya mpira wa wavu kuwa sehemu ya jina la shule. Kucheza na timu ya namna hiyo mara moja humfundisha mtoto mambo ambayo mwalimu angeyaeleza muhula mzima.

Kama shule ya kijijini haina mwalimu anayeujua mchezo, tafuta msaada karibu. Chuo cha Ualimu Ilonga kiko jirani, na wanachuo wanaosomea ualimu huhitaji watoto wa kufundisha. Mwalimu mkuu anaweza kuandika barua kuomba wanachuo waje mara moja kwa wiki. Afisa michezo wa wilaya naye ana wajibu wa kujua nani anafundisha nini na wapi. Mwandikie, usingoje akutembelee.

Uwanja na vifaa kwa bei ya kijijini

Uwanja wa mpira wa wavu una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9, pamoja na nafasi wazi ya angalau mita 3 kila upande. Mstari wa kati unagawa viwanja viwili vya mita 9 kwa 9, na mstari wa mashambulizi uko mita 3 kutoka katikati. Upana wa mistari ni sentimita 5.

Ukipima kwa kamba, pembe hupinda bila wewe kujua. Njia ya kuhakikisha ni hii: baada ya kupima nusu uwanja ya mita 9 kwa 9, pima kutoka kona moja hadi kona inayoitazama. Kipimo kiwe mita 12 na sentimita 73. Kikizidi au kikipungua, sogeza vigingi vya pembeni mpaka vipimo vyote viwili vya kona kwa kona vilingane. Elekeza urefu wa uwanja kaskazini na kusini, la sivyo timu moja itacheza jioni nzima jua likiwa machoni. Ondoa mawe na mbigiri, sawazisha vishimo, na weka mistari kwa chokaa au majivu. Wakati wa masika udongo wa bonde hushika miguu na kuteleza, kwa hiyo panga mazoezi mazito ya kuruka kuanzia Juni, na miezi ya mvua itumie kwa mazoezi ya mikono chini ya paa.

Urefu wa wavu kwa wanawake ni mita 2.24, na ndio utakaotumika kwenye mashindano ya dunia ya wasichana. Mtoto wa miaka 11 asianzie huko. Funga kwenye mita 2 au pungufu, uwe unapandisha kadiri wanavyokua. Wavu wenye urefu wa mita moja juu hadi chini na matundu ya sentimita 10 unaweza kusukwa kwa kamba za katani, na Kilosa haina shida ya katani. Nguzo ziwe imara, zisiwe na ncha, na zikae nje ya mistari ya pembeni ili mtoto asizigonge.

Mpira ndio kifaa cha kununua kwa makini. Mpira wa wavu una uzito wa gramu 260 hadi 280. Mpira wa miguu wa watu wazima una gramu 410 hadi 450. Shule zinapofundisha kupokea kwa kutumia mpira wa miguu, mikono ya watoto huvimba na wekundu hubaki hadi kesho yake, kisha mwalimu anashangaa kwa nini wasichana wanaukimbia mpira. Mipira miwili halali ni bora kuliko kumi isiyo yenyewe. Kama fedha haipo kabisa, mpira mwepesi wa plastiki ni salama zaidi kwa anayeanza.

Nini kifundishwe kwanza

Kila mtoto hutaka kupiga smashi siku ya kwanza. Mwache apige chache ili mchezo umnogee, kisha mrudishe kwenye kupokea, kwa sababu timu isiyopokea haifiki kwenye smashi.

Kupokea kwa mikono ya chini kuna hatua tatu. Miguu kwanza: mtoto afike ulipo mpira kabla haujashuka, magoti yamekunjwa, mguu mmoja mbele kidogo. Kisha mikono: viganja vishikane, vidole gumba viwe sambamba, viwiko vinyooke, na mpira ugonge juu kidogo ya kifundo cha mkono, pale penye nyama. La tatu ni kuelekeza: mabega yatazame anaposimama seta, na nguvu itoke kwenye miguu badala ya kurusha mikono juu. Makosa mengi ya watoto yako kwenye hatua ya kwanza. Wakisimama wima wakasubiri, mpira huwafikia kifuani, na hapo hakuna mbinu inayosaidia.

Zoezi la bure: chora mstari kwenye ukuta wa darasa kwenye urefu wa mita 2.24. Binti asimame mita 3 kutoka ukutani na kuucheza mpira ugonge juu ya mstari bila kudondoka. Atakapofika mara 20 mfululizo kwa mikono ya chini, abadili atumie vidole kama seta. Zoezi hili halihitaji wavu, wenzake wala mwalimu.

Baada ya hapo fundisha mpira wa kuanzisha. Ni pigo pekee ambalo hakuna mpinzani wa kumwingilia, na mwamuzi akishapuliza filimbi mchezaji ana sekunde 8 za kupiga. Kisha nafasi: wachezaji 6 uwanjani, watatu mbele na watatu nyuma, na kila timu inapopata haki ya kuanzisha wanazunguka kufuata mwelekeo wa mshale wa saa. Watoto wakariri nani yuko kulia kwake na nani yuko mbele yake, kwani kosa la nafasi humpa mpinzani pointi bila jasho.

Kanuni nyingine za kukumbuka: timu ina migusano mitatu kabla ya kuvusha mpira, bila kuhesabu ule wa kuzuia kwenye wavu. Seti huisha kwa pointi 25 kwa tofauti ya angalau 2, na mshindi ni anayepata seti 3. Ikifika seti ya tano, inachezwa hadi 15. Libero, yule anayevaa jezi ya rangi tofauti, ni mlinzi wa nyuma asiyeruhusiwa kushambulia juu ya wavu. Nafasi hiyo ni habari njema kwa binti mfupi mwenye miguu myepesi. Akiambiwa urefu wake haufai, ajibu kwamba yeye ni libero.

Mwili, afya na mavazi

Mchezo huu ni wa kuruka, na majeraha yake mengi hutokea wakati wa kutua. Fundisha kutua kwa miguu miwili, magoti yakikunjika kidogo, na usiruhusu mtu kuvuka mstari wa kati hovyo na kuingia chini ya miguu ya mwenzake. Kifundo kikitenguka, mchezo umeisha siku hiyo: kitambaa cha maji baridi, mguu uinuliwe, na uvimbe usipopungua aende zahanati. Kuchua kwa nguvu mguu uliovimba huongeza madhara.

Chakula cha Kilosa kinatosha kumkuza mchezaji kikipangwa. Ugali peke yake haujengi misuli. Maharage, kunde, mbaazi, dagaa, mayai na mboga za majani ndivyo vinavyojenga, na mtoto anayekua na kuruka kila jioni anahitaji kula zaidi ya nduguye anayekaa. Wasichana waliovunja ungo hupoteza damu kila mwezi, kwa hiyo binti anayechoka upesi, anayepumua kwa shida au mwenye kizunguzungu apimwe wingi wa damu. Hedhi yenyewe si sababu ya kumzuia kufanya mazoezi. Kinachohitajika ni taulo, sehemu ya kubadilishia na mwalimu wa kike ambaye binti hataona haya kumwambia.

Wazazi wengi Waislamu huuliza kuhusu mavazi. Hijabu na nguo ndefu si kikwazo. Doaa Elghobashy wa Misri alicheza mpira wa wavu wa ufukweni kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akiwa na hijabu, suruali ndefu na mikono mirefu, tena katika mchezo uliozoeleka kwa nguo fupi. Kitambaa kiwe chepesi, kifungwe kisifunguke, na kisiwe na pini zenye ncha.

Usalama wa mtoto safarini

Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata awe na urefu wa kupita mlango. Timu ya wasichana inaposafiri lazima awepo mwalimu wa kike anayelala walipo, orodha ya majina iachwe shuleni, na mzazi ajue anakokwenda mtoto, anakolala, lini anarudi na namba ya simu ya kiongozi wa msafara. Kocha asimwite mchezaji peke yake chumbani, asimpe zawadi za siri, na asibadilishane naye ujumbe wa usiku. Binti afundishwe kwamba nafasi kwenye timu hailipiwi kwa mwili wake wala kwa fedha. Likitokea lolote, simu ya bure ya kumsaidia mtoto ni 116, na kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto.

Matapeli nao hawalali. Mtu akikupigia akisema binti yako amechaguliwa timu ya taifa na utume fedha ya "fomu" au ya "viza" leo hii, kata simu. Uende kwa mkuu wa shule au afisa michezo wa wilaya uulize, kwa maana mwito wa kweli wa mwanafunzi hupitia shuleni na huja kwa barua. Vivyo hivyo kwa anayeahidi kumpeleka binti nje kwenye klabu bila mkataba uliosomwa na mzazi.

Masomo na maisha ya baadaye

Swali la haki ambalo kila mzazi huuliza ni hili: mchezo utamla masomo? Utamla usipopangwa. Fainali za shule huwa katikati ya mwaka. Mtihani wa darasa la saba huja Septemba na wa kidato cha nne Novemba. Kwa hiyo mwaka wa mtihani binti aende kwenye mashindano na vitabu vyake, na akirudi apewe wiki mbili za kufidia vipindi. Mwalimu wa michezo na wa taaluma wakipatana mapema, hakuna anayepoteza.

Upande wa faida, majirani zetu wametuonyesha. Kenya, kupitia timu yake ya wanawake Malkia Strikers, imecheza Olimpiki mwaka 2000, 2004, ile ya Tokyo iliyofanyika 2021, na ya Paris mwaka 2024. Nyuma ya timu hiyo ziko klabu za waajiri kama Kenya Prisons, Kenya Pipeline na KCB, ambako msichana aliyeanzia uwanja wa vumbi wa shule hupata mshahara. Kwetu vyombo vya ulinzi na usalama, likiwemo Jeshi la Magereza, vimekuwa na timu za wavu kwa miaka mingi na huwatafuta wanamichezo. Si wote watakaofika mashindano ya dunia, lakini binti mwenye cheti cha kidato cha nne, nyaraka safi na jezi ya mkoa ana jambo la kuonyesha anapoomba nafasi.

La kufanya mwaka huu

Mzazi: toa cheti cha kuzaliwa cha binti yako ukiangalie leo. Kama hakipo, muone mtendaji wa kijiji wiki hii akuandikie barua, kisha uende ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Linganisha jina lililomo na lile la shuleni.

Mwalimu: andika majina ya wasichana wote wa darasa la tano, la sita na la saba pamoja na miaka yao ya kuzaliwa, ukiwagawa katika shufwa na witiri. Pima uwanja, funga wavu wa chini, na panga siku tatu za mazoezi kila wiki. Pelekea afisa michezo wa wilaya nakala ya orodha hiyo kabla ya michezo ya kata.

Mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wa kata: tengeni kiwanja hicho kwa maandishi ili kisije kugeuzwa shamba au kibanda cha biashara, na mchango wa kwanza wa michezo ununue mipira miwili halali.

Na wewe binti: chora mstari ukutani, mita 2.24, na uhesabu. Ukishafika mara 20, mwite mwenzako mcheze wawili.